Tona imebaki kwenye karatasi: kusoma dalili za bodi ya saketi uliyoipiga pasi

Bodi ikiharibika, lawama ya kwanza huiangukia asidi, ile dawa inayokula shaba isiyotakiwa. Dawa imechakaa, dawa ni feki, dawa imekula mpaka njia. Nimezigeuza bodi nyingi za namna hiyo mezani kwangu, zangu mwenyewe zikiwamo, na karibu kila mara kosa lilikuwa limeshafanyika saa nzima kabla ya asidi kuguswa: kwenye kuosha shaba, kwenye pasi, au kwenye kompyuta wakati wa kuchapisha. Ndiyo maana hapa nimekaa sana kwenye dalili za kabla ya asidi. Huko bado pamba yenye asetoni inafuta kila kitu, unaanza upya, na kipande cha bodi kinabaki chako.

Ninazungumzia njia ya pasi, kwa sababu ndiyo wengi wetu tunayoanza nayo. Unachapisha saketi kwa printa ya leza kwenye karatasi inayong'aa, unailaza juu ya shaba, unaipiga pasi mpaka tona, yaani unga mweusi wa printa, iyeyuke na kung'ang'ania shaba, unaloweka karatasi na kuibandua, kisha unatumbukiza bodi kwenye feriki kloraidi, ndiyo hiyo tunayoiita asidi. Palipo na tona shaba inabaki kuwa njia za umeme, pasipo na tona inaliwa. Shaba yenyewe kwenye bodi za kawaida ina unene wa mikroni 35, karibu nusu ya unywele. Haivumilii uzembe, lakini pia haihitaji nguvu nyingi.

Umebandua karatasi, tona imebaki kwenye karatasi

Angalia kwanza haikushika wapi. Ikikataa bodi nzima, ikikataa pembeni tu, au ikikataa kwa madoa madoa, hayo ni matatizo matatu tofauti.

Ikiwa ni bodi nzima, anza na printa. Printa ya wino haifai kabisa, na kuna watu wamepoteza siku mbili kwa jambo hili kwa sababu kwenye duka la stesheni walikochapisha walijibiwa "leza hiyo, usiwe na wasiwasi". Lowesha kidole, sugua maandishi pembeni mwa karatasi. Wino wa maji mara nyingi utachafuka, tona haitikisiki. Mashine ya fotokopi inafaa pia, maana nayo inatumia tona. Ila tona hazilingani: ni plastiki ya unga, na nyingine zinataka joto kubwa zaidi ili ziyeyuke. Ukishabadilisha kila kitu na bado inakataa, chapisha mahali pengine kabla hujanunua pasi mpya.

Ikiwa ni pembeni, ni joto. Sehemu ya mbele ya pasi ina joto tofauti na ya nyuma, na matundu ya mvuke hayapeleki joto kwenye karatasi. Mwaga maji yote, weka kipimo cha pamba, na tumia ncha na kingo za pasi kupita kwenye pembe za bodi moja moja. Usiilaze bodi juu ya sakafu ya simenti au meza ya vigae, itanyonya joto lote. Ubao wenye gazeti lililokunjwa mara nne unatosha. Mimi huiwekea bodi pasi kavu sekunde 30 kabla ya kuweka karatasi, ili shaba iwe imeshapata joto, halafu napiga dakika 3 hadi 5 kwa bodi ya ukubwa wa kiganja.

Madoa madoa ni mafuta. Kijana mmoja anayejifunza kwangu aliniletea bodi yake ya tatu kwa siku hiyo.

"Fundi, imekataa tena."

"Umeiosha?"

"Nimeiosha, na msasa nimepiga."

"Baada ya kuiosha uliishikaje?"

Akaitazama bodi, akatazama mkono wake. Kwenye kona, pale tona iliposhindwa kushika, palikuwa na umbo la yai, na ndani yake mistari myembamba iliyopinda. Lilikuwa dole gumba lake, limechorwa kwa shaba tupu.

Sugua shaba kwa stili waya la sufuria na sabuni ya vyombo mpaka ipate rangi ya waridi, kwanza huku kisha kule, mikwaruzo ikatane. Halafu ipitishe chini ya bomba na utazame maji. Yakitanda kama ngozi moja juu ya shaba, pako safi. Yakijikusanya matone na kukimbia sehemu fulani, pale pana mafuta na hapatashika. Rudia. Ukimaliza ishike kwa kingo tu, kausha kwa karatasi isiyo na manukato, pitisha pamba ya asetoni, piga pasi papo hapo. Shaba iliyolala usiku mzima mezani inahesabika chafu.

Karatasi nayo ina mchango wake. Inayofaa ina utando wa udongo mweupe juu yake, ule unaolainika majini na kuiachia tona: kurasa za majarida, karatasi nyembamba za picha, hata kalenda za mwaka jana zikiwa si nene sana. Karatasi inayotupwa na wachora stika, ile ya nyuma inayoteleza, ni nzuri kuliko zote, kwa kuwa inabanduka kavu bila kuloweka. Tatizo lake ni kwamba tona inaishika kwa shida, ukiipitisha kidole imefutika. Ibandike juu ya karatasi ya kawaida ya A4 kwa gundi ya utepe upande unaotangulia kuingia kwenye printa, na ikishatoka usiiguse.

Mistari imenenepa, imegusana

Ukandamizaji umezidi. Tona ikishayeyuka ni kama nta, ukiiegemea kwa uzito wa mwili inatambaa. Au karatasi iliteleza pasi ilipogusa mara ya kwanza. Utalijua hilo kwa sababu mistari itakuwa na kivuli upande mmoja tu. Kunja karatasi nyuma ya bodi na uifunge kwa utepe unaostahimili joto, kisha shusha pasi moja kwa moja juu yake bila kuisogeza kwa sekunde 20 za mwanzo. Baada ya hapo unaweza kuizungusha taratibu.

Kwenye mchoro wenyewe, acha tamaa. Kwa pasi, njia za milimita 0.5 na nafasi za milimita 0.4 zinatoka bila kelele. Chini ya hapo unacheza bahati nasibu, ingawa siku nyingine unashinda.

Tona ina vitundu vidogo

Washa taa nyuma yako, iinamishe bodi, tazama sehemu pana nyeusi. Vitundu hivi vikienda kwenye asidi vinakuwa vishimo, na kwenye njia nyembamba vinakuwa mkato. Chanzo cha kawaida ni printa iliyowekwa kwenye hali ya kubana tona, au katriji inayokaribia kuisha. Chapisha kwa weusi wa juu kabisa.

Vitundu vichache vinazibwa kwa maka pen ya wino usiofutika, mara mbili, ukiacha ikauke katikati. Rangi ya kucha inaziba vizuri zaidi na asidi haiigusi. Wanaocheka chupa nyekundu ya rangi ya kucha kwenye meza ya fundi hawajawahi kurudia bodi kwa ajili ya kitundu kimoja.

Kila kitu kimetoka vizuri, ila miguu ya aisi (chipu) haiingii

Hapa kuna makosa mawili yanayofanana kwa mbali.

La kwanza ni kipimo. Programu ya kuchapisha imeamua kuusaidia ukurasa utoshee, ikapunguza mchoro hadi asilimia 97. Kwenye aisi ya miguu 8 hutaona kitu: umbali kutoka mguu wa kwanza hadi wa nne ni milimita 7.62, na upungufu ni karibu robo milimita tu. Lakini kwenye aisi ya miguu 40 umbali wa upande mmoja ni milimita 48.26, na utakuwa umepungukiwa karibu milimita moja na nusu. Ndipo fundi anaapa kwamba aisi ndiyo mbovu. Weka asilimia 100, chapisha kwanza kwenye karatasi ya kawaida, ilaze juu ya sifongo, na uchomeke aisi ndefu kuliko zote ulizonazo. Miguu yote ikitoboa katikati ya pedi, yale madoa ya shaba ya kulehemia miguu, endelea.

La pili ni mchoro kugeuka kama kwenye kioo. Karatasi inalazwa kifudifudi, kwa hiyo pasi yenyewe inageuza mchoro mara moja. Tabaka la chini la shaba, ambalo programu inalionyesha kana kwamba unalitazama kupitia bodi kutoka juu, linachapishwa kama lilivyo kwenye skrini. Tabaka la juu ndilo linalotaka kugeuzwa. Dawa rahisi: andika neno lolote kwenye tabaka la shaba. Likisomeka kinyume kwenye karatasi, litasomeka sawa kwenye bodi. Likisomeka sawa kwenye karatasi, simama hapohapo.

Mimi niliwahi kumaliza bodi ya kuendesha pampu ya maji, yenye 555 (aisi ya kupima muda) na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), nikatoboa, ndipo nikagundua imegeuka. Sikuitupa. Aisi ikikaa upande wa shaba badala ya upande wa pili, kila mguu unarudi mahali pake. Niliikunjua miguu ya 555 kwa nje, nikailehemu juu ya pedi upande uleule wa shaba, rilei nayo nikaihamishia huko. Ilikuwa na sura ya mdudu aliyelala chali, lakini pampu iliwaka na kuzima kama kawaida.

Dakika 40 zimepita, shaba bado ipo

Sasa tunafika kwenye asidi, ingawa feriki kloraidi kwa hakika ni chumvi, sisi tu ndio tuliozoea kuiita asidi. Inataka joto la nyuzi 40 hadi 50. Bodi iliyochukua dakika 15 Dar mchana inaweza kukuchosha saa nzima Njombe mwezi wa saba. Usiweke chombo jikoni juu ya moto. Weka chombo cha plastiki ndani ya beseni la maji ya moto, na ubadilishe maji yakipoa. Chombo cha chuma kisiwe karibu, dawa itakila.

Tikisa chombo, au elekeza shaba chini ikielea, ili mabaki yaliyoyeyuka yaanguke badala ya kulala juu yake kama blanketi.

Kama joto lipo na bado inasuasua, tumbukiza kipande kidogo cha shaba tupu kilichosuguliwa. Kikibadilika rangi sekunde chache na kuendelea kuliwa, dawa ni nzima na tatizo liko kwenye bodi yako: kuna utando wa karatasi uliobaki kati ya njia. Ukikauka unaonekana kama ukungu mweupe. Rudi kwenye maji, sugua kwa mswaki laini, tena kwa subira, hasa kwenye matundu ya pedi. Kipande cha majaribio nacho kikigoma, na dawa imetoka kwenye hudhurungi ikawa kijani cheusi, imeshiba shaba.

Wanaokosa feriki kloraidi hutumia mchanganyiko wa hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kuoshea vidonda, na asidi ya limao ya unga na chumvi ya mezani: mililita 100, gramu 30, gramu 5. Ni safi, unaona bodi chini ikiliwa, na maji yanageuka buluu ya kijani. Ikigoma, mara nyingi peroksaidi ndiyo iliyokufa. Chupa iliyofunguliwa miezi na kukaa juani ni maji tu. Mwagia kidogo kwenye kipande cha kiazi kibichi; isipotoa povu, nunua nyingine. Mchanganyiko huu haukai hata siku, na usiufungie kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza, unatoa gesi na chupa itapasuka. Wapo wanaotumia asidi ya kuoshea vyoo na peroksaidi. Inakula upesi, ndiyo, na inatoa mvuke wa klorini unaochoma kifua na kutia kutu kila koleo lililomo chumbani. Mimi siiruhusu kwangu.

Njia zimeliwa, kingo zimekuwa kama meno ya msumeno

Ama uliiacha muda mrefu ukisubiri kona moja iishe, ama tona ilikuwa dhaifu. Asidi haili kwenda chini tu, inaingia pia chini ya tona kutoka pembeni. Mchoro ukiwa na maeneo mapana ya kuliwa, baadhi ya sehemu zinamaliza mapema na nyingine zinachelewa. Jaza sehemu tupu za mchoro kwa shaba ya graundi, yaani ya upande wa hasi. Asidi itakuwa na kazi ndogo na bodi nzima itaisha karibu kwa pamoja, na dawa yako itadumu zaidi.

Njia moja ikikatika, usihuzunike. Mguu uliokatwa wa rezista, ukilazwa juu ya mkato na kulehemiwa pande zote mbili, unapitisha umeme kuliko hiyo njia ilivyokuwa. Kinyume chake, shaba ikibaki kama utando kati ya njia mbili, kata kwa wembe mara mbili na uondoe kijiti cha katikati. Pima kwa mita kabla ya kulehemu chochote, maana utando mwingine jicho halioni.

Pedi zinang'oka unapotoboa

Biti butu. Bodi za nyuzi za kioo zinamaliza makali ya biti ya chuma ya kawaida baada ya mashimo machache tu, na biti butu haikati, inasukuma. Biti za kabaidi zinakata vizuri ila zinavunjika ukiyumba kidogo, kwa hiyo zinataka stendi. Milimita 0.8 kwa rezista na aisi, 1.0 kwa pini na dayodi za 1N4007. Acha kitundu kidogo katikati ya kila pedi kwenye mchoro, asidi itakuchimbia kituo na biti haitateleza. Weka ubao chini. Na vaa barakoa, vumbi la kioo halitoki kifuani kwa kikohozi.

Solda inakataa kushika

Inajikunja kuwa shanga na kuviringika. Tona bado ipo, hata kama hauioni, au shaba imeshaanza kuwa nyeusi kwa hewa na jasho. Asetoni, stili waya, kisha paka fluksi, dawa ya kusaidia solda ishike, hapohapo. Kalafonia (utomvu mkavu wa msonobari) iliyoyeyushwa kwenye spiriti inafanya kazi mbili: inasaidia solda na ikikauka inazuia kutu. Pedi ikinyanyuka wakati wa kulehemu, umekaa na joto muda mrefu mno. Bodi za kahawia za karatasi hazivumilii hilo kama zile za kijani-manjano.

Umeshajaribu mara tano

Basi si wewe, ni njia yenyewe haitoshi kwa mchoro huo. Saketi ya vipande kumi haina haja ya asidi. Bodi ya matundu na waya inaimaliza jioni moja. Kama unataka njia za milimita 0.2 kwa aisi ndogo za kubandika, hamia kwenye filamu ya buluu inayogandishwa kwa mwanga. Taa ya kukaushia kucha za jeli ya saluni inatosha kuiangazia, na inaoshwa kwa soda ya kufulia, gramu 10 kwa lita moja ya maji. Filamu hiyo ina plastiki mbili, moja ya kubandua kabla ya kuibandika na nyingine kabla ya kuosha. Ukiona umeosha nusu saa na hakuna kinachotoka, pitisha ukucha kwenye kona. Plastiki ya pili bado ipo. Imenipata mara mbili.

Dawa iliyokwisha

Usiimwage kwenye sinki wala mtaroni. Shaba iliyoyeyuka inaua viumbe wa majini, na feriki kloraidi itatoboa bomba la chuma. Tia magadi soda kidogo kidogo kwenye ndoo kubwa ya plastiki, kwa sababu itafura kama uji, mpaka povu litakapokoma. Iache usiku kucha. Asubuhi matope yatakuwa yamezama na maji juu yameanza kuwa meupe. Chuja kwa kitambaa, kausha matope juani kwenye mfuko mzito, yaweke kwenye kopo lenye maandishi makubwa, mbali na watoto na mbali na kopo la chumvi.